Hesabu ya Ndoo na Kosa Langu

Sisi tukaao bweni hapa Chalinze twaijua thamani ya maji. Muhula huu mabomba yalikauka juma zima, tukawa twateka katika tangi la akiba. Mwalimu wa zamu alitaka kujua ni bweni lipi litumialo maji mengi kuliko mengine, ili lipunguziwe. Kazi ya hesabu nilipewa mimi, kwa kuwa nimejifunza kidogo R, programu ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Katika R mtu huandika fanksheni, yaani maagizo yaliyopewa jina. Ukiipa tarakimu, hukurudishia jibu. Fanksheni yangu ilipokea ndoo za siku saba za bweni moja, ikarudisha majibu matatu: wastani, siku ya ndoo chache, na siku ya ndoo nyingi. Mabweni yetu yana majina ya mito, na majibu yalitoka sawasawa:

Wami: 40, 31, 58
Ruvu: 44, 35, 52
Pangani: 38, 30, 47
Rufiji: 42, 33, 55

Ikabaki kuyaunga yawe matriksi moja, kama zile tusomazo Kidato cha Nne: mistari minne ya kulala na safu tatu za kusimama. Nikayamimina majibu yote 12 katika mfululizo mmoja, kisha nikaiagiza amri ya matrix iyapange katika mistari minne. Haikulalamika hata kidogo, maana tarakimu 12 zaenea humo barabara. Walakini sikujua kwamba amri hiyo, usipoiambia vingine, hujaza safu kwanza, toka juu hata chini. Basi safu ya wastani ikapata 40, 31, 58 na 44. Tatu za kwanza zote ni za Wami, na ya nne ni ya Ruvu!

Nikatangaza kwamba Pangani hutumia ndoo 58 kwa siku, na sisi wa Ruvu 31 tu. Wenzangu wakanishangilia. Jioni ile mwandishi wa ndoo wa Pangani alinijia na daftari lake, akasema kwa upole, "Ndugu yangu, sisi hatukupata kuteka zaidi ya ndoo 47 kwa siku. Wastani wawezaje kuipita siku iliyo kubwa kuliko zote?" Nikautazama mstari wote wa Pangani: wastani 58, chache 38, nyingi 33. Upuuzi mtupu!

Dawa yake ni hii. Usiyamimine majibu. Yaache yakae bweni kwa bweni, kila moja na jina lake, kisha andika do.call(rbind, majibu). Kila bweni litapata mstari wake, na jina kando. Ukipenda kumimina, ongeza byrow = TRUE, ili ijaze mstari kwa mstari. Halafu linganisha mstari mmoja na daftari kabla hujamwonyesha mtu.

Kumbe bweni lililotumia zaidi ni Ruvu, bweni langu mwenyewe, nalo ndilo lililopunguziwa. Nilikwenda Pangani nikaomba radhi mbele ya wote. Wanafunzi wenzangu, kompyuta haijui bweni wala haki; hupanga kama ilivyoagizwa. Kuangalia kila tarakimu imekaa kwa nani ni kazi yetu sisi.