"Addictive": neno lililoanzia kwenye deni

Kijana akisema gemu fulani ya simu ni "addictive", huwa anaisifia. Ni tamu, haiachiki. Lakini mwanzo wa neno hilo la Kiingereza haukuwa na utamu wowote.

Mzizi wake ni Kilatini, addicere: kutamka rasmi kwamba kitu sasa ni cha fulani. Roma ya kale, aliyehukumiwa kulipa deni alipewa siku 30. Zikipita bila malipo, alikabidhiwa kwa mdai wake, akafungwa minyororo. Mtu huyo aliitwa addictus. Waingereza walilipokea neno likiwa limepoa. Shakespeare, kwenye Henry V ya mwaka 1599 hivi, anatumia "addiction" kwa maana ya kupenda sana jambo. Maana ya dawa za kulevya ilikolea karne ya 20.

Kiswahili kina uraibu, ambao zamani ulikuwa tambuu na tumbaku za kutafuna. Siku hizi ni jambo zito zaidi. Mtaani wana arosto, yale mateso ya teja akikosa.

Sasa chukua ulanzi wa Yakobi, Njombe. Mvua zikinyesha, mianzi michanga inagemwa. Ukiwa mpya ni mtamu, ukilala unakuwa mkali. Je, ni addictive? Una kilevi, kwa hiyo unaweza kumteka mtu, ila si kila mnywaji. Kipimo kizuri ni msimu ukiisha. Mmoja anarudi kwenye viazi vyake na kusubiri mvua nyingine. Mwenzake anahamia pombe kali wiki hiyohiyo, na hela ya mbolea inaondoka nayo. Wote waliupenda ulanzi, lakini wa pili ndiye aliyekabidhiwa.

Huyo nyumbani huitwa mlevi, anaambiwa aache tu. Shirika la Afya Duniani linauhesabu utegemezi wa pombe kuwa ugonjwa, na orodha yake iliyopitishwa 2019 imeingiza hata uraibu wa gemu. Kwa waraibu wa heroini, Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011.

Na hapa familia nyingi hukosea: zinamfungia ndani mnywaji wa kila siku ili "aache". Mwili uliozoea pombe nyingi ukikatishwa ghafla unaweza kuleta degedege, hata kifo. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho na kuona visivyokuwepo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.