Kalokol: Kiwanda Kilizimwa, Simu Ikabaki. PIN Yako Je?

Ukitoka Lodwar, baada ya kama kilomita 60 hivi, unafika Kalokol, karibu na Ziwa Turkana. Hapo kuna kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mpango ulionekana mzuri: samaki wakatwe minofu, wagandishwe, wauzwe mbali. Lakini kugandisha samaki kwenye joto lile kunataka umeme mwingi na maji safi mengi. Gharama ikashinda faida, mashine zikazimwa. Baadaye maji ya Ghuba ya Ferguson nayo yakapungua. Watu wa Kalokol waliendelea kukausha samaki kwa jua na chumvi, na jengo lenyewe likaishia kuwa stoo ya samaki wakavu.

Sasa angalia simu iliyo mkononi mwako. Kwa nini hii imeshika, na kile kiwanda hakikushika?

M-PESA haikuanza vile unavyoijua. Majaribio ya mwaka 2005 yalikuwa ya kusaidia watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Lakini waliopewa huduma wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Kampuni ikaliona hilo, ikabadilisha mpango. Ilipozinduliwa Machi 2007, wito ulikuwa ni kutuma pesa nyumbani. Kumbe wateja ndio walioamua kazi yake! Kiwanda kilitaka watu na ziwa wakifuate. Simu ilikubali kuwafuata watu.

Lakini simu nayo inatubadilisha. Tuseme mama anauza samaki wakavu Kalokol, na mnunuzi wake yuko Kitale. Bila simu, lazima noti zisafirishwe, au mama asubiri deni. Kwa simu, pesa zinaingia leo leo, tena kwa jina lake mwenyewe, bila kupitia mkono wa mtu. Hiyo si kitu kidogo. Ni karo, ni unga, ni mtaji wa wiki ijayo.

Shida inaanzia hapa. Mama huyu hajui kusoma. Mjukuu ndiye anayemsomea meseji. Akienda kutoa pesa, anaitaja PIN kwa sauti ili wakala ambonyezee, na watu kwenye foleni wanasikia. Kusaidiana ni desturi yetu, na ni desturi nzuri. Lakini mfumo haumjui mama wala mjukuu. Unajua laini na PIN tu. Anayeijua, akiishika na simu ya mama, anaweza kuitoa pesa yote, na kwa mfumo itaonekana mama ndiye aliyetoa.

Tufanye nini basi? Msaada ubaki, PIN iwe ya mwenyewe. Jaribuni hivi nyumbani:

1. Mfundishe vidole, si maandishi. Anayehesabu noti anaweza kukumbuka vitufe vinne. Kwenye simu nyingi za kabambe, kitufe cha 5 kina kinundu kidogo. Aanzie hapo, ajue namba gani iko juu, chini na pembeni. Mwaka wa kuzaliwa usiwe PIN.

2. Gawaneni kazi. Wewe fungua menyu, andika namba na kiasi, na jina likitokea msomee. Ukifika kwenye PIN, mpe simu yake na ugeuke pembeni. Wakala naye afanye hivyo hivyo.

3. Angalieni salio kabla samaki hawajapakiwa. Meseji ya uongo inaweza kufanana kabisa na ya kweli. Meseji si pesa. Salio ndilo pesa.

Kama PIN imeshatajwa mbele ya watu, usimgombeze mtu. Ingia kwenye menyu ya akaunti, mbadilishe leo. Na mtu akipiga simu akijiita mfanyakazi wetu, anataka PIN, kata. Sisi hatuulizi PIN, hata siku moja.

Jioni hii, kaa na mama, shosho au jirani kwa dakika kumi. Mwache abonyeze mwenyewe mpaka vidole vizoee. Pesa ni ya jasho lake, basi na ufunguo uwe wake.