Dume Huanza Kutengenezwa Akiwa Ndama

Jike akipandwa na baada ya siku 21 akarudi kwenye joto, lawama humwangukia yeye. Akirudia mara ya tatu huitwa tasa, na safari ya mnadani inaanza. Katika maboma ya Kerende na vijiji vingine vya Tarime na Serengeti, ambako fahali mmoja huweza kuhudumia kundi zima na la jirani mnayekutana naye kwenye maji ya kunyweshea, ni busara kumchunguza dume kwanza. Jike asiyezaa humnyima mfugaji ndama mmoja; dume dhaifu huweza kumnyima ndama wa zizi zima.

Uzazi wa dume huanzia kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, inayomwaga homoni mbili kwenye damu hadi zifike kwenye korodani. LH huamsha seli zinazotengeneza testosteroni. FSH huzihudumia seli za Sertoli, ambazo ndizo walezi wa mbegu: huzilisha na kuzikinga mpaka zikomae. Kwa fahali, kazi hiyo huchukua takriban siku 61.

FSH imeundwa kwa minyororo miwili ya protini. Alfa hupatikana pia katika LH. Beta ndiyo inayoipa FSH kazi yake, na maelekezo ya kuiunda yamo katika jeni iitwayo FSHB. Watafiti waliopima madume nchini China wamekuta tofauti ndogo za jeni hiyo zikiambatana na tofauti za ubora wa mbegu. Hata hivyo, uzazi hutegemea jeni nyingi, hivyo kipimo cha FSHB peke yake hakitoshi kumchagua fahali.

Isitoshe, jeni nzuri huhitaji shibe. Seli za Sertoli huongezeka dume akiwa mchanga; akishabalehe, idadi ya seli hizo haipandi tena, na kila seli ina kikomo cha mbegu inazoweza kulea. Majaribio yaliyofanywa Kanada yalionyesha kuwa ndama waliolishwa vizuri katika miezi ya mwanzo walitoa LH nyingi zaidi, na baadaye wakawa na korodani kubwa. Kwa hiyo anayekamua maziwa yote na kumwachia ndama dume chuchu tupu anapunguza nguvu za fahali wa kesho, na pumba za ukubwani hazitalipa deni hilo.

Ukubwa wa korodani hurithiwa kwa kiasi kizuri na hupimwa kwa utepe tu. Tafuta korodani zilizolingana, zisizo na uvimbe, zinazoning'inia vizuri, kwa sababu mbegu huhitaji ubaridi zaidi kuliko mwili. Homa kali, kama ya ndigana, huweza kuziharibu. Mpe dume miezi miwili hivi baada ya kupona kabla ya kumhukumu. Ugonjwa wa brusela nao hushambulia korodani. Usimwache dume apande binti zake, na wale usiowataka kwa mbegu wahasiwe mapema. Anayetaka damu mpya anaweza kutumia uhimilishaji: kituo cha taifa cha NAIC, Usa River, Arusha, hugandisha mbegu za madume waliochaguliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kumpeleka jike mnadani, mwite afisa mifugo ampime fahali. Na ndama dume unayetarajia arithi zizi lako, mwachie maziwa leo.