Je, Mvua Hii Tumeileta Sisi?

Tuchukulie kwamba siku moja ya Aprili ndege inaruka kutoka uwanja wa Kilimanjaro, inamwaga unga wa chumvi chini ya wingu lililotanda juu ya Machame, na baada ya nusu saa mvua inanyesha. Mkulima aliyesimama kihambani ana haki ya kufurahi. Mtaalamu hana haki hiyo bado, kwani Aprili ni masika, na huenda wingu lile lingenyesha hata kama ndege isingeruka.

Tangu mwaka 1946, Vincent Schaefer alipodondosha barafu kavu kutoka ndegeni huko Marekani, imejulikana kwamba wingu laweza kuchokozwa. Kwetu, Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilifanya majaribio Kongwa kuanzia Januari hadi Aprili 1952. Lakini kuchokoza wingu ni jambo moja. Kuthibitisha kwamba maji yameongezeka ardhini ni jambo jingine kabisa.

Mlima wenyewe unazidisha ugumu. Moshi mjini hupata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka. Ukipanda hadi msituni, kwenye kimo cha mita 2,200, mvua huzidi milimita 2,000. Kwa hiyo vipimamvua vinahitajika kwa makumi, vipangwe kutoka tambarare hadi ukingo wa msitu. Aidha, hewa hapa haifikii nyuzi sifuri mpaka karibu na mita 5,000. Iodidi ya fedha, ambayo hufanya kazi katika wingu lenye baridi kali, haina la kufanya katika mawingu ya chini. Ndiyo maana tumetaja chumvi: hunyonya unyevu na kukuza matone.

Jaribio la haki laendeshwa hivi. Asubuhi mtabiri huamua kama mawingu yanafaa. Ndipo bahasha hufunguliwa: panda, au usipande. Amri hizo zimepigiwa kura kabla ya msimu, na ndege huruka siku zote mbili, ili msoma kipimamvua asijue lolote. Marangu, iliyo upande unakotoka upepo wa masika, haiguswi, yatumika kulinganishia.

Tufanye hesabu. Mvua ya siku na siku hutofautiana kwa kiasi kinachokaribia wastani wenyewe. Tukitafuta nyongeza ya asilimia 10, zahitajika siku zipatazo 3,000 ili bahati isitudanganye. Vipimo vya Marangu, vikifuatana vema na vya Machame, vyaweza kuzipunguza hadi 1,100 hivi. Kwa siku 40 zinazofaa kila mwaka, hiyo ni zaidi ya miaka 25! Israeli walipata nyongeza ya asilimia 15 katika jaribio la 1961 hadi 1967, wakapanda mawingu kwa miongo. Jaribio jipya la 2013 hadi 2020 halikuona nyongeza inayotofautika na bahati.

Sasa fikiria mwaka wa ukame. Mahindi ya tambarare yamejikunja majani, wingu zuri liko juu, na bahasha yasema: usipande. Atakayeivunja amri hiyo kwa huruma ameharibu kazi ya miaka mingi. Kwa maoni yangu, bahasha zishikwe na mtu asiye na shamba huko, na wazee wa Machame waelezwe mapema, pamoja na majirani walio mbele ya upepo, ambao hawatakosa kusema kwamba mvua yao imeibwa. Ndege yaweza kungoja. Vipimamvua vitangulie kwa miaka miwili au mitatu, na wanafunzi wa shule za huko wanaweza kuvisoma kila siku saa tatu asubuhi.