MSUMENO MZURI NA VIUNGO VYA MZINGA
Shauri kwa wafuga nyuki wa Kanyenye na vijiji vya Tabora

Wazee walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hili lamfaa mvivu atafutaye sababu ya kutokwenda shamba. Lakini usilichukue dukani unapokwenda kununua msumeno. Jembe likipotoka kidogo, mahindi huota vile vile. Bali msumeno ukipotoka kwa unene wa ukucha, ubao umeharibika, wala haurudi.

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili yako wewe mkulima utakaye kujitengenezea mizinga ya mbao. Asali na nta ni mali ya kale katika Unyamwezi. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa ikakoma, reli ikafika Tabora mwaka 1912, na nyuki wa miombo wangali wakifanya kazi yao. Lakini mti wa muyombo ukimenywa gome pande zote ili kupata mzinga, hufa. Mzinga wa mbao huuokoa mti huo, tena hukuwezesha kuvuna bila kubomoa makao ya nyuki. Faida hiyo yote imo katika viungo, na viungo huanzia kwenye msumeno.

KWA NINI UFA MDOGO NI HASARA KUBWA

Nondo wa nta hutaga mayai yake katika nyufa. Sisimizi huingia humo humo, na maji ya mvua hufuata. Nyuki hujitahidi kuziba kwa gundi yao, lakini wakisumbuliwa mno huhama, na mavuno ya msimu huondoka pamoja nao. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na katika mzinga, heri ufa usiwepo tangu mwanzo.

Angalia pia viunzi, yaani vile vipande vya juu ambavyo nyuki hutundikia masega. Kwa nyuki wa nchi yetu, upana wa kiunzi ni milimita 32. Ukizidisha milimita 1 tu katika kila kiunzi, na viunzi ni 28, kosa lote ni milimita 28, karibu upana wa kiunzi kizima. Nyuki hawafuati kosa lako. Wao hufuata kipimo chao wenyewe. Basi sega litavuka kutoka kiunzi hiki hadi kile, na siku ya kuvuna utainua kimoja ukararua mawili.

JINSI YA KUUTAMBUA MSUMENO MZURI

1. Pinda bapa taratibu, kisha uachie. Chuma kizuri hunyoka chenyewe. Kibaya hubaki kimepinda.

2. Tazama kwa jicho moja toka mpini hata ncha. Bapa liwe limenyoka, na mpini usicheze.

3. Bapa bora ni jembamba zaidi upande wa mgongo kuliko upande wa meno. Kwa hiyo halikwami upesi, wala meno hayahitaji kupanuliwa sana, na njia yake ubaoni huwa nyembamba na safi.

4. Misumeno mingine ya siku hizi ina meno yaliyokaushwa kwa moto, na mara nyingi ncha zake ni nyeusi au za buluu. Ukali wake hudumu, lakini tupa haiwezi kuyanoa. Yakiisha, msumeno umekwisha. Ukiweza, nunua ule unaokubali tupa, nao utakutumikia miaka mingi.

KILA JINO NA KAZI YAKE

Kupasua ubao kwa kufuata nyuzi kwataka meno makubwa, 4 hadi 6 kwa inchi moja, yanayochimba kama patasi ndogo. Kukata kwa kukingamisha nyuzi kwataka meno 8 hadi 10, yaliyonolewa mshazari kama visu. Kazi ya viungo yataka msumeno mfupi wenye mgongo wa chuma, meno 12 hadi 14. Mtu akikata ncha za ubao kwa msumeno wa kupasulia, nyuzi huraruka, na kiungo hakikai hata kikitiwa gundi na misumari.

KUNOA

Kwanza sawazisha vichwa vya meno kwa tupa bapa. Kisha kunja meno, moja kulia na moja kushoto, wala usikunje kupita nusu ya kimo cha jino. Mwisho noa kwa tupa ya pembe tatu, kila jino kwa idadi ile ile ya mapigo. Meno ya upande mmoja yakizidi kukunjwa, msumeno utakimbilia upande huo, nawe utalaumu mkono wako bure.

KUKATA

Chora mstari kwa kisu na skwea, si kwa mkaa. Anza kwa kuuvuta msumeno kwako polepole, ukiuongoza kwa kidole gumba. Kata upande wa kipande kitakachotupwa, mstari ubaki ubaoni. Kisha sukuma kwa mapigo marefu bila kukandamiza. Msumeno mkali hushuka kwa uzito wake.

Mbao ziwe zimekauka vema. Mninga hufaa sana kwa kuwa haujikunji sana ukikauka. Lakini mti huo hukua polepole, na kuukata msituni kwahitaji kibali. Kila ubao uharibikao ni sehemu ya mti ambao huenda mjukuu wako ndiye atakayeuona mwingine wa kimo chake.

Ukimaliza, unganisha mbao mbili, uziinue kuelekea jua, utazame katika kiungo. Ukiona mwanga, nondo naye ameona njia. Irudie kazi hiyo kabla nyuki hawajaingia.