Magongo ya Watoto Wote: Karibuni Wazazi wa Magomeni

Shule zikishafunguliwa Januari, watoto wanarudi viwanjani, na mwaka huu nawaomba wazazi na walezi wa Magomeni mfikirie mpira wa magongo. Mleteni anayecheza chandimu Magomeni Mikumi hadi aitwe mara tatu kwenda kuoga. Mleteni na yule anayebaki barazani kwa sababu ana usonji, mtindio wa ubongo au hasikii. Karibuni nyote.

Swali ninaloulizwa sana katika kazi yangu ya utengamao ni hili: "Mwalimu, mwanangu atachanganywa na wenzake?" Ni swali zuri, ila kuchanganywa peke yake hakutoshi. Mtoto anaweza kuvaa jezi, akaingia uwanjani, na mchezo ukaisha hajaugusa mpira hata mara moja. Mzazi anapiga picha, anafurahi, na mtoto mwenyewe anajua kabisa kwamba hakucheza. Kinachotakiwa kubadilika ni mchezo, mpaka kila mtoto aliyemo aweze kuathiri matokeo.

Magongo yanabadilika kwa urahisi wa ajabu. Mchezo wa kawaida ni mgumu: wachezaji 11 kila upande, uwanja wa karibu mita 91 kwa 55, mpira mgumu wa gramu 160 hivi, na gongo linaloruhusiwa kupigia upande wake bapa tu. Special Olympics, iliyoanzia Chicago mwaka 1968 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili, ilikuwa na namna yake ya kuucheza ndani ya ukumbi. Wachezaji ni 6. Fimbo imenyooka kama mpini wa ufagio. Badala ya mpira kuna kisahani cha kitambaa kizito kilichoshindiliwa, upana wake sentimita 20, chenye tundu katikati. Mchezaji anachomeka ncha ya fimbo kwenye tundu na kukisukuma anakotaka.

Tazameni tundu hilo limefanya nini. Mtoto ambaye mikono yake inatetemeka hahangaiki tena kuulenga mpira unaomkimbia. Kisahani hakidundi, kwa hiyo hakimrukii usoni. Anayechelewa kuamua anapata muda wa kuinua kichwa na kumtafuta mwenzake wa kumpasia. Na vifaa vyake havihitaji meli: mipini iko Kariakoo, seremala ataiviringisha ncha, fundi cherehani atashona kisahani cha mazoezi kwa tabaka za blanketi kuukuu. Sakafu ya ukumbi wa shule, au saruji laini, inatosha.

Yapo pia magongo ya wachezaji watano, ambayo Kombe lake la Dunia la kwanza lilichezwa Muscat, Oman, Januari 2024, na wanaume wa Kenya walikuwemo. Uwanja ni mdogo, na pembeni kuna mbao zinazourudisha mpira ndani. Kwa mtoto mwenye miguu mizito mbao hizo ni msaada mkubwa, kwa sababu mpira unamrudia bila yeye kuufukuza.

Mabadiliko mengine hayagharimu chochote. Refa anapunga kitambaa cha rangi kali kila anapopuliza filimbi, ili kiziwi asimame pamoja na wenzake. Kwa mtoto mwenye ualbino, mazoezi yanasogezwa hadi jua lipoe, na mpira unachaguliwa wa rangi inayoonekana vizuri. Gongo halipandi juu ya kiuno, kwa yeyote.

Kuhusu afya nitakuwa mkali kidogo. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, na baadhi yao pingili za shingo zimelegea. Mpelekeni kwa daktari kwanza. Mwenye kifafa au sikoseli anaweza kucheza, lakini kocha aambiwe siku ya kwanza, mbele ya mzazi, siyo siku mtoto anapoanguka. Msione haya.

Wengine huniambia magongo si mchezo wetu. Lakini Tanzania ilicheza magongo kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. India ilitufunga 18-0, kisha ikachukua dhahabu. Hata hivyo tulikuwepo. Leo magongo yanachezwa kwenye viwanja vya JMK Park, Kidongo Chekundu, karibu na Kariakoo. Kutoka Magomeni Mapipa unafika Kariakoo kwa Mwendokasi, na sakafu ya kituo imewekwa usawa na ya basi, jambo linalomfaa mwenye kiti mwendo. Wakati wa masika ulizieni kwanza hali ya Jangwani, maana Mto Msimbazi ukijaa barabara hufungwa.

Mkifika, muulizeni kocha: mwanangu atakuwa na kazi gani uwanjani? Akijibu kwamba "atajisikia vizuri tu", endeleeni kuuliza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja michezo ya watoto kwa jina katika ibara ya 30. Mnadai haki.

Na msimwache nyumbani kaka au dada yake. Timu za mseto zinahitaji wachezaji wenye ulemavu na wasio na ulemavu.