Uvimbe ukishuka, jicho laona mbili

Baadhi ya magunia ya dagaa kutoka Masese, jirani na Walukuba mjini Jinja, huanza safari ya Busia na Malaba juu ya bodaboda. Neno lenyewe lilizaliwa hapo mpakani Busia, enzi za baiskeli. Siku hizi ni pikipiki, na abiria wengi hawavai kofia ngumu. Pikipiki ikiteleza, uso huweza kutangulia chini.

Mwenye mali huinuka, hufuta damu, huhesabu magunia yake na kuendelea na safari. Jicho limevimba hadi limefumba. Atasema ni uvimbe tu, na hapo ndipo hatari inapojificha.

Mfupa ulio chini ya jicho ni mwembamba sana, na chini yake mna uwazi wenye hewa ndani ya shavu. Ukipasuka, nyama iliyo chini ya jicho, pengine na msuli wa kuliinamisha, huzama kwenye ufa na kunaswa. Jicho zima likitazama juu, lile lililoumia hugoma. Lori moja huwa malori mawili, noti moja huwa mbili. Shavu na mdomo wa juu huweza kufa ganzi, na uvimbe ukishuka, jicho huonekana limedidimia.

Kwa mtu mzima daktari huweza kusubiri hadi wiki mbili kabla ya kuamua upasuaji, maana wengine hupona wenyewe. Wakati huo mgonjwa asipenge kamasi kwa nguvu wala asiendeshe chombo.

Lakini jicho likitokeza nje, likawa gumu, likauma sana na nuru ikafifia, huenda damu inavuja nyuma yake. Saa mbili zaweza kutosha kulipofusha. Mtoto naye hudanganya: mfupa wake hupinda na kurudi, ukabana msuli kama mtego. Jicho halina hata wekundu, ila hawezi kutazama juu na anatapika. Wazazi huweza kudhani ni ugonjwa mwingine, kumbe anahitaji upasuaji ndani ya siku moja au mbili.

Aliyeanguka asingoje kuvuka mpaka kurudi kwao. Jinja na Mbale zote zina hospitali ya rufaa, na Mulago, Kampala, ina madaktari wa mifupa ya uso. Kuziba jicho moja kwa kitambaa huondoa picha ya pili, mtu akaweza kuhesabu noti zake, lakini msuli ulionaswa hubaki pale pale.